Diski pacha mbili, moja inaelemewa na nyingine imekaa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya teknolojia inayoshauri ofisi ndogo, yaani saccos, maduka ya dawa, shule na wengine wanaotunza kumbukumbu zao wenyewe, kwamba ukifunga diski mbili pacha kwenye seva unapata vitu viwili kwa mpigo: usalama wa data na kasi ya kusoma mara mbili. La usalama nakubaliana nalo kwa kiasi chake. La kasi ndo limenifanya nikae chini niandike, maana nimeishi nalo mwezi mzima wa kwanza mwaka huu, na najua kuna watu watasoma ile makala, watanunua diski ya pili, halafu watakaa wanasubiri kasi ambayo haiji na hawajui kwa nini.

Mi natunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo huku Mbeya. Seva yenyewe ni ya kawaida tu, Linux, diski mbili kubwa za kuzunguka, mfumo wa mafaili ni Btrfs uliowekwa kwenye RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kinaandikwa kwenye diski zote mbili, na juu yake kuna databesi ya PostgreSQL inayoshika akaunti za wanachama. Mwezi wa kwanza kwetu ni mwezi wa ada. Watu wanakuja kukopa, kila mkopo unataka karani afungue historia ya mwanachama miaka mitano sita nyuma, na wakati huohuo mhasibu anatoa ripoti za kufunga mwaka. Hapo ndo seva ilianza kulegea. Karani anabonyeza, kiduara kinazunguka, dakika inapita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta siku moja nikamsikia mama mmoja mtu mzima akimwambia karani, "Mwanangu, shule wamesema mwisho kesho, leo tena mtandao?" Karani akamjibu, "Samahani mama, sio mtandao, sistimu tu inazunguka, naomba ukae kidogo." Yule mama akakaa. Alikaa mpaka saa nane.

Tukawaita waliotuuzia seva. Wakaja na kompyuta yao, wakaangalia, wakasema diski zinatumika asilimia hamsini tu kwa hiyo tatizo sio diski, tatizo seva imezeeka, nunueni mpya. Wakaacha na bei kabisa, karatasi ya kurasa mbili. Kabla ya kuondoka kijana wao mmoja alisema ngoja tujaribu kubalansi, akaendesha ile amri ya Btrfs inayoitwa balance, ikafanya kazi usiku kucha, asubuhi hakuna kilichobadilika. Na hapa naomba niseme wazi kwa sababu jina lile linawadanganya wengi: ile balance haihusiani na kugawa kazi ya kusoma. Inachofanya ni kuchukua mafungu ya data na kuyapanga upya kwenye diski, ni kama kuhamisha magunia ghalani. Ukiwa umeongeza diski mpya ina maana kubwa, lakini nani anasoma kutoka diski ipi, hilo haligusi kabisa, na tena ukiiendesha mchana watu wapo kazini unawaongezea mzigo juu ya mzigo.

Kilichonifumbua macho ni taa. Kichumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya fomu, kidogo, giza, na jioni moja umeme ulikatika tukawa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, nikawa nimekaa mle na tochi ya simu. Nikaona taa ya diski ya kushoto inawaka bila kupumzika, yaani huoni kupepesa, ni kijani kimoja kilichonyooka, na ya kulia inapepesa mara moja, inatulia, inapepesa tena. Nikaweka kiganja juu ya kila moja. Kushoto moto, kulia vuguvugu. Nikajiambia hizi si ndo pacha? Kesho yake asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa nikaristati seva nzima, watu wakaanza kazi, nikarudi kuangalia. Sasa taa ya kulia ndo imeganda na ya kushoto imetulia.

Hiyo ikaniambia jambo moja kubwa, kwamba hakuna diski mbovu. Kama kushoto ingekuwa mbovu, ingebaki mbovu hata baada ya kuristati. Kuna kitu kinachagua upande, na kikishachagua kinang'ang'ania.

Nikaendesha iostat, ile amri ya Linux inayokuonyesha kila diski peke yake, sio wastani. Diski moja asilimia tisini na nane, foleni ya maombi ndefu, kila ombi linasubiri muda mrefu kabla ya kuhudumiwa. Nyingine haifiki asilimia tano. Ukijumlisha ukagawa kwa mbili unapata hamsini na kitu, ndo ile hamsini ya wale mafundi. Hawakudanganya, walichofanya ni kusoma wastani wa kitu kisichotakiwa kusomwa kwa wastani. (Ukitumia iostat kumbuka jedwali la kwanza linalotoka ni wastani tangu seva iwashwe, lipite, angalia la pili na kuendelea.)

Sasa kwa nini inatokea hivyo. Kuandika hakuna ujanja, kila kitu lazima kiende kwenye diski zote mbili, kwa hiyo kuandika hakutakuwa na kasi zaidi ya ile diski iliyo taratibu kati ya hizo mbili. Kusoma ndo kuna uchaguzi, maana nakala zote zinafanana, mfumo unaweza kuchukua popote. Na namna ya kuchagua inatofautiana sana kati ya mfumo na mfumo, hilo ndo makala yenu haikusema.

Ile RAID ya kawaida ya Linux, inayoitwa md, ukiwa na diski za kuzunguka inaangalia kichwa cha kusomea kilikuwa wapi mara ya mwisho na inapeleka ombi kwa diski ambayo kichwa chake kiko karibu zaidi, na kama ni SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyozunguka, inaangalia ipi ina maombi machache yanayosubiri. ZFS, mfumo mwingine wa mafaili, nayo inahesabu mzigo wa kila diski, maombi yaliyo kwenye foleni, na inajua kutofautisha ya kuzunguka na SSD. Btrfs, ambayo iliingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 2009 na toleo 2.6.29, njia yake ya kawaida mpaka leo ni rahisi kupita zote: inachukua namba ya prosesi (kila programu inayoendeshwa inapewa namba yake) inayoomba kusoma, inaigawa kwa idadi ya nakala, kinachobaki ndo namba ya diski. Ukiwa na nakala mbili maana yake ni shufwa na witiri tu. Prosesi yenye namba shufwa inakwenda diski hii, yenye witiri inakwenda ile. Haiangalii foleni, haiangalii kichwa kiko wapi, haiangalii diski ipi imekaa bure.

Fikiria benki yenye madirisha mawili na mlinzi mlangoni anayeangalia namba ya kitambulisho chako, inaishia na shufwa nenda dirisha la kwanza, witiri la pili. Wakija watu mia mbili asubuhi foleni zitakuwa karibu sawa na hakuna atakayelalamika. Lakini wakija watu wanne tu, kila mmoja na kikapu cha hundi, na wote wanne wana witiri, basi dirisha la kwanza karani anakunywa chai na la pili anatokwa jasho, na mlinzi hana habari.

Sisi ndo tulikuwa wale wanne. PostgreSQL inafungua prosesi moja kwa kila koneksheni, na programu yetu ya mikopo ikiwashwa inafungua koneksheni nne na kuzishika siku nzima haiziachii. Nikaorodhesha prosesi nikaona namba za zile za databesi: 2317, 2319, 2321, 2323. Zote witiri. Nikadhani ni bahati mbaya, nikaristati, zikaja zote shufwa. Ikabidi nikae na ile programu kuona inawakaje, nikaelewa: inazaa mfanyakazi wa kwanza, yaani prosesi ya programu yenyewe, anapata namba, mfanyakazi huyo anafungua koneksheni hapohapo, databesi inazaa prosesi yake, inapata namba inayofuata. Halafu mfanyakazi wa pili, koneksheni ya pili. Asubuhi seva imetulia hakuna kingine kinachozaliwa katikati, kwa hiyo namba zinapishana moja kwa moja kama viatu, kushoto mfanyakazi, kulia databesi, kushoto mfanyakazi, kulia databesi. Wafanyakazi hawasomi diski karibu kabisa, wanaosoma ni databesi. Matokeo yake kazi yote ya kusoma inaangukia diski moja, kila siku, kwa uhakika, na kuristati kunabadilisha tu ni diski ipi.

Naomba nisieleweke kwamba nawalaumu waliotengeneza Btrfs. Ile njia ina akili yake. Haina gharama, haihitaji kuhesabu chochote, na ukiwa na prosesi nyingi inagawa vizuri. Tena ina faida ambayo watu hawaioni: prosesi moja ikisoma faili refu kwa mpangilio inabaki kwenye diski ileile, na kwa diski ya kuzunguka hilo ni jambo jema. Watu wengi wanafikiri kasi maradufu ingepatikana kwa kupokezana, kipande hiki soma kushoto, kinachofuata soma kulia. Kwa SSD ndiyo, inafanya kazi. Kwa diski ya kuzunguka fikiria sahani inavyozunguka: wakati diski ya kulia inasoma kipande cha pili, ya kushoto inabidi sahani yake ipite juu ya kipande hichohicho ili ifike cha tatu, na kukipita kunachukua muda uleule wa kukisoma. Hujaokoa kitu. Ndo maana msomaji mmoja wa faili moja refu kwenye diski mbili za kuzunguka hatapata kasi mbili kwenye pacha za kawaida kama hizi, na bakapu yako ya usiku inayoendeshwa na prosesi moja itakwenda kwa kasi ya diski moja, usishangae.

Faida ya pacha kwenye diski za kuzunguka inakuja pale wasomaji ni wengi na kila mmoja anaruka huku na huku, kama databesi ya saccos. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 8.3, kwa wastani unasubiri nusu yake, milisekunde 4 na kitu, ongeza milisekunde 8 au 9 za kichwa kusogea, unafika kama 12 au 13 kwa ombi moja. Hiyo ni maombi kama 80 kwa sekunde. Basi. Diski ya maelfu ya gigabaiti, maombi 80 kwa sekunde. Ukigawa vizuri kwa mbili unapata kama 160, na hiyo tofauti ya 80 na 160 ndo tofauti ya yule mama kuondoka saa nne au saa nane.

Nilichofanya mimi hakikugharimu shilingi. Programu ina sehemu ya mipangilio ya kusema koneksheni zifunguliwe wakati wa kuwaka au zisubiri mpaka zihitajike, nikaweka zisubiri, na nikaweka kila koneksheni ikifikisha saa moja ifungwe na ifunguliwe upya. Kwa hiyo wafanyakazi wote wanazaliwa kwanza, koneksheni zinakuja baadaye moja moja kadiri watu wanavyokuja, katikati kuna prosesi nyingine zinazaliwa, namba zinachanganyika, na hata zikiangukia upande mmoja kwa bahati mbaya ndani ya saa moja zinachanganywa tena. Nikaongeza koneksheni kutoka nne hadi nane. Ripoti ya mhasibu iliyokuwa inachukua kama dakika arobaini ikashuka hadi ishirini na kitu. Haikuwa nusu kamili, na sikutegemea iwe nusu kamili.

Kuna mtu alinishauri nizime ile tabia ya Btrfs ya kutoandika juu ya data ya zamani kwenye mafaili ya databesi, maana kweli inayavunja mafaili vipandevipande na diski ya kuzunguka inateseka. Inasaidia kasi, sikatai. Lakini ukiizima, mafaili hayo yanapoteza na ule ukaguzi wa hesabu unaouambia mfumo kwamba nakala hii imeharibika, chukua ile nyingine. Ukibaki na nakala mbili zisizofanana na hakuna wa kusema ipi ya kweli, pacha imebaki na faida gani? Hizi ni akiba za watu. Nilikataa, na ningekataa tena.

Kwa wale wenye kerneli mpya, toleo 6.14 lililotoka mwezi wa tatu 2025 lilileta kwenye Btrfs njia nyingine za kuchagua: kupokezana kwa zamu, na kuchagua diski moja maalumu isomwe yenyewe. Ile ya zamu haibadilishi kwa kila kipande kidogo, inasoma kwanza angalau kilobaiti 192 mfululizo ndo ihamie diski nyingine. Ziliingia kama majaribio, inabidi kerneli iwe imejengwa na mipangilio ya majaribio ndo uzione, kwa hiyo mi kwenye seva yenye pesa za wanachama sijazigusa, nazijaribu nyumbani kwenye mashine kuukuu. Ila nimefurahi kuona tatizo hili limefanyiwa kazi. Na ile ya kuchagua diski maalumu itawafaa waliofunga SSD pamoja na ya kuzunguka kama pacha, maana hao kupokezana kwa zamu kutawaumiza tu, kila zamu ya pili wanasubiri ile iliyo taratibu. Md wao walishaliona zamani, unaweza kuiwekea diski alama kwamba hii iandikwe lakini isisomwe ila kwa shida.

Jambo moja mafundi wenzangu wanalisahau. Siku diski moja ikifa, na itakufa, kazi yote inarudi kwenye iliyobaki, na ukifunga mpya hiyo iliyobaki inabeba na kazi ya kunakili kila kitu huku watu wanaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ukishafanikiwa kugawa mzigo usiujaze mpaka ukingoni kwenye diski zote mbili. Sisi tulikuwa tunaishi kwenye diski moja bila kujua, sasa najua siku ile itakuwaje kwa sababu nimeshaiona, ni ule mwezi wa kwanza.

Na diski iliyokaa bila kusomwa ina hatari yake nyingine. Sehemu iliyoharibika huijui mpaka uisome. Diski yetu moja ilipitisha siku nyingi karibu haisomwi, ingekuwa na mabaka mabovu tungeyagundua siku pacha wake anakufa, siku mbaya kuliko zote. Sasa kila mwezi Jumapili usiku naendesha skrabu, inayopitia nakala zote kwenye diski zote mbili na kulinganisha hesabu. Mara ya kwanza ilimaliza bila kosa hata moja, na sioni aibu kusema nilishukuru Mungu kwa sauti mle chumbani peke yangu.

Ombi langu kwenu Ndugu Mhariri ni mbili. Kwanza mrekebishe ile makala, mseme diski pacha inaweza kuongeza kasi ya kusoma kama mfumo unagawa kazi na kama wasomaji ni wengi, sio kwamba inaongeza tu. Pili, nyie mnaandika sana habari za ofisi kununua seva mpya kwa sababu sistimu inazunguka. Mwandishi wenu akienda huko aombe aonyeshwe matumizi ya kila diski peke yake, sio wastani, saa nne asubuhi watu wakiwa kwenye foleni. Ni jedwali la mistari miwili, halihitaji utaalamu kulisoma, mstari mmoja ukiwa tisini na nane na mwingine nne hata mtoto wa darasa la tano ataona.

Ile karatasi ya bei ya seva mpya bado ipo kwenye droo ya meneja. Tumekubaliana tununue kwanza RAM, ili databesi ishike zaidi kwenye kumbukumbu na isiisumbue diski kwa kila kitu, na la seva tutaliangalia mwezi wa sita. Leo asubuhi kabla sijaandika barua hii nimepita kichumbani, taa zote mbili zinapepesa.

Wenu msomaji,
Fundi wa seva, Mbeya